Udongo Nyuma ya Jedwali

Jumatatu, tarehe 9 Juni. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye majani chai, parachichi la jirani halikuonekana kabisa. Hakukunyesha, lakini mabati yaliendelea kudondosha maji mpaka saa tatu. Baridi kali.

Wifi yangu Kemunto,

Ulizoea kunicheka kwa hii tabia ya kuandika tarehe na hali ya hewa kabla ya jambo lolote. "Kwamboka, wewe ungeolewa na redio." Leo nimeandika hayo mawili, kisha kalamu ikakataa kuendelea na habari za ng'ombe na majani chai. Ninachotaka kuandika sina wa kumsomea isipokuwa wewe. Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba umelala na husikii lolote. Najua. Naandika hata hivyo.

Kuna kitu kimekuwa kikila ukuta wa nyumba yako.

Tangu tukuzike wewe na yule mtoto mchanga ambaye hata jina hakupata, mimi na Moraa wako tunalala kwako. Mume wako alirudi kazini Nairobi, na Mama akasema nyumba isikae bila moshi. Basi nikahama kwa Mama na godoro langu na shajara zangu, nikalala chumba kile cha mbele. Kaka yangu hupiga simu jioni, huuliza, "Binti yangu anakula?" Mimi humjibu anakula. Sikujua nilikuwa namjibu nini.

Mvua za masika ziliposhika ndipo nilipoanza kuona vumbi. Kila asubuhi nikifagia sebule nalikuta chini ya lile jedwali lako la elementi lililotundikwa ukutani, vumbi jekundu, laini, limeanguka kwa mstari kama unga chini ya chekeche. Halikuwa vumbi la miguu. Nalifagia, kesho liko tena. Mama alikuja akalitazama, akalisugua kati ya vidole. "Ni mchwa huyu. Mwaga mafuta taa." Nikamwaga. Nyumba ikanuka kibatari siku tatu na vumbi likaendelea kuanguka.

Jirani yetu Bosibori aliposikia, alisema tukiwa shambani, kikapu mgongoni, nusu anacheka: "Mwalimu Kemunto hajaridhika. Kuna kitu chake alisahau, amerudi kukitafuta." Mama hakucheka. "Sisi ni watu wa Sabato, Bosibori. Wafu wetu wamelala. Hawafagii nyumba za watu wala hawazichafui." Bosibori akasema, "Haya, mama, mimi nimesema tu." Lakini tangu siku hiyo hakuingia tena ndani kwako. Akija kuomba moto au chumvi husimama uani na kuita.

Na mimi, wifi, niliyesoma nawe dawati moja mpaka kidato cha nne, nilianza kulitazama jedwali lile kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua.

Unakumbuka ulivyolitengeneza? Lile la shule yako lilikuwa limeraruka katikati, shaba na zinki zimekwenda na kipande. Ukachukua karatasi za manila, ukaziunganisha kwa uji wa ngano juu ya meza ya kulia, mume wako Nyakundi akala amesimama wiki nzima. Uliposema utashona kitu chenyewe kwenye kila mraba unaoweza, nilidhani ni mzaha. Ukakata kipande cha sufuria iliyotoboka ukakiweka kwenye alumini. Shaba ulitoa kwenye waya wa redio iliyokufa. Kaboni, kipande cha makaa. Fosforasi, ule upande mweusi wa kiberiti. Kalsiamu ulibandika kipande cha ganda la yai. Nitrojeni uliandika tu, "Iko hewani, na iko kwenye gunia la mbolea ya chai," na potasiamu, "Muulize mgomba." Kwenye dhahabu ulishona uzi wa njano. "Tutabadilisha Nyakundi akitajirika." Zebaki uliacha tupu kwa sababu haifungwi kwa uzi.

Kwenye chuma ulining'iniza msumari wa inchi tatu.

Moraa alikuwa mdogo, lakini alishika yote. Ulimpakata hapo mbele ya ukuta ukimshika kidole, unakipeleka mraba kwa mraba. Bado nasikia sauti yako. "Hii ni sodiamu. Peke yake, ukiitupa kwenye maji inawaka moto. Hii ni klorini. Peke yake ni gesi ya kuua watu. Sasa ukizioanisha unapata nini?" Moraa anapiga kelele, "Chumvi!" Na wewe, "Chumvi ya mboga. Kama mimi na baba yako." Mama mkwe wako akiwa mlangoni anasikia yote, na hukujali.

Siku nyingine ulimtoa nje ukamwonyesha paa. Ukamwambia mabati yetu ni chuma kilichovikwa zinki, na kwamba mvua na hewa vikija kula, zinki hujitoa iliwe kwanza ili chuma kilicho chini kibaki. Moraa aliihurumia zinki. Alilia kabisa. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kisha ulimwonyesha udongo. Ulikanyaga njia ya kwenda kisimani, ukainua kiatu. "Unajua kwa nini udongo wetu ni mwekundu? Una chuma. Na damu yako ni nyekundu kwa sababu gani? Ina chuma. Tunatembea juu ya chuma kila siku." Nilikuwepo. Nilibeba ndoo. Nilipenda ulivyosema.

Sasa nikueleze Moraa alivyokuwa mwaka huu, kwa sababu hukumwona.

Alianza kwa kuchoka. Yule aliyekuwa akishuka mteremko wa kwenda shule kama jiwe lililosukumwa, alianza kunishika sketi tukirudi na kuniomba tupumzike kwenye kona, halafu kona nyingine. Mwalimu wake alimleta nyumbani mara moja. "Analala darasani, mama. Na akiamka anauliza kama saa ya kwenda nyumbani imefika." Mama alisema ni huzuni. Mimi pia niliandika huzuni. Niliandika pia kwamba viganja vyake vimepauka, lakini niliona ni baridi. Kisha jioni moja alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amelaza kichwa kwenye fremu ya mlango, mdomo wazi kidogo, na nikasimama na sufuria mkononi. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukikaa wewe, miezi yako ya mwisho. Kizingiti hicho hicho. Upande huo huo.

Alhamisi nilipangusa jedwali. Makaa yalikuwa na vumbi, waya wa shaba umeshika kijani, kipande cha sufuria kimefifia. Msumari peke yake uling'aa. Ncha yake ilikuwa safi kama kijiko cha wageni. Msumari ambao uliushona ukiwa tayari na kutu. Niliandika usiku ule: msumari umeng'aa.

Siku ya Sabato Moraa alisema tumbo linamuuma. Tukamwacha kitandani, Mama na mimi tukatoka kwenda kanisani. Hatujafika barabarani mvua ikaanza, nikamwambia Mama atangulie, narudi kuchukua mwavuli. Nilipofika uani nikasikia. Kwaru, kwaru. Kimya. Kwaru, kwaru, kwaru.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Niliusukuma kwa kidole. Kemunto, jedwali lako lilikuwa likitikisika. Lilikuwa limetoka nje ya ukuta kama tumbo, linajaa na kunywea, linajaa na kunywea, na vipande vyote ulivyoshona vinagongana polepole. Siogopi kukuambia kwamba niliita jina lako. Niliita kwa sauti.

Sauti ya kukwaruza ikakoma. Hapo ndipo nilipotazama chini nikaona miguu miwili midogo chini ya karatasi.

Alitoka mwenyewe. Msumari ulikuwa mkononi, uzi wake unaning'inia. Midomo ilikuwa myekundu, na meno, na ulimi alipofungua kinywa kusema. "Usimwambie magokoro." Hakuogopa kupigwa, aliogopa bibi yake asije akaufunga ukuta. Nikamuuliza anafanya nini hapo nyuma. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto.

"Nakula chuma, anti. Ili nisiende kama mama."

Nilikaa sakafuni. Aliniambia yote, kwa utaratibu, kama unavyojua anavyosema masomo. Kwamba siku ile hospitalini, watu walipodhani amelala kwenye benchi, alimsikia nesi akimwambia baba yake damu yako ilikuwa nyepesi, chuma hakikuwepo, na ulipoanza kutokwa na damu baada ya kujifungua mwili haukuwa na akiba. Kwamba damu inataka chuma na chuma kiko kwenye udongo, mama mwenyewe alisema. Kwamba udongo wa njiani umekanyagwa na ng'ombe, huu wa ukutani ni msafi. Hesabu yake yote ilinyooka, wifi. Ungempa alama zote, ila jibu ndilo linaloua.

Nikainua jedwali nione alipochimba. Shimo lake lilikuwa chini, nyuma ya zile safu mbili za mwisho zilizotengwa peke yake, pale ulipoandika urani na kuchora kifuvu kidogo cha hatari. Lilikuwa jipya, lina mikwaruzo myeupe ya msumari, linaingia ngumi ya mtoto.

Na juu yake palikuwa na shimo lingine.

Hilo lilikuwa usawa wa kifua changu, na wewe na mimi tulikuwa kimo kimoja. Lilikuwa nyuma ya mraba wa chuma kabisa. Kubwa zaidi, limezeeka, buibui amefunga utando mdomoni mwake, na kingo zake zimelainika kwa kidole kilicholoweshwa. Mtoto hawezi kufika hapo hata akipanda stuli. Nilijua kabla Moraa hajasema, lakini alisema.

"Hilo ni la mama. Alisema ni siri yetu na ya ukuta."

Nikauliza, kama mama alikula, basi mbona chuma hakikumsaidia? Akasema, "Mama alichelewa. Alianza akiwa na tumbo. Mimi nimeanza mapema."

Sikwenda kanisani. Nilimwosha mdomo, nikamlaza, na msumari nikaurudisha kwenye mraba wake, nikafunga uzi mara mbili kama mjinga.

Jana Jumapili nilikwenda sokoni Keumbu. Nilitaka mtu aniambie nimekosea. Nilimtafuta yule Mama Atieno, anayetoka upande wa ziwa, anayeuza omena, wale dagaa, karibu na kituo, maana nilijua ulipokuwa ukitoka kazini ulipitia kwake. Kwenye kona ya meza yake kuna kile kikarai cha odowa, yale mawe laini ya kijivu wanayotafuna wajawazito. Nilipotaja jina lako alishika kifua. "Mwalimu! Huyo alikuwa kastoma yangu kabisa. Si omena, hapana. Hii." Akakitikisa kikarai. Akaniambia siku ya kwanza alishangaa, akakuuliza, na wewe pia mwalimu, na vile umesoma? Na wewe ukamjibu, "Kichwa kinajua, mama. Mdomo ndio haukwenda shule." Alicheka akikumbuka, halafu akaacha kucheka. Akasema siku moja wanafunzi wako wawili walikukuta hapo umeshika jiwe, ukalirudisha, ukanunua omena, na hukununua odowa tena. "Mimi nikadhani amezaa, Mungu amesaidia. Kumbe?"

Kumbe ulikuwa umepata ukuta.

Nimewaza tangu jana. Tulipokuwa shule ulikula chaki. Kipande cha mwalimu kikibaki ubaoni, kesho hakipo, na ukikamatwa unasema, "Kalsiamu hii, mifupa inadai." Tulicheka. Darasa zima lilicheka. Wewe ndiye uliyetufundisha sisi wengine kwamba kutu ni chuma kilichoshikana na oksijeni, na kwamba kutu si chuma tena, huwezi kuinoa iwe jembe. Basi ulijua. Udongo wetu ni kutu. Ulisimama nyuma ya jedwali ulilolichora mwenyewe, ukiyajua yote yaliyoandikwa upande ule mwingine, na ukala. Hilo ndilo linalonitisha kuliko miguu miwili chini ya karatasi. Kama kujua hakukukuokoa wewe, mimi nitamwokoa Moraa kwa kitu gani?

Leo asubuhi nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, ndani ya ule ukungu. Ni mwepesi. Nilihisi moyo wake ukipiga kwenye mgongo wangu, haraka, kama wa kuku aliyeshikwa. Nesi alimvuta kope ya chini, na ndani, pale panapopaswa kuwa pekundu, palikuwa peupe kama utando wa ndani ya yai. Hakuniuliza anakula nini. Aliuliza, "Anakula udongo tangu lini?" Nikashangaa amejuaje. "Mama, wote wakiwa na rangi hii wanakula."

Akamdunga kidole. Tone lilitoka limepauka, mimi mwenyewe nililiona. Alieleza vizuri, ungempenda. Akasema damu ikikosa chuma, mwili unatamani udongo, hakuna anayejua vizuri kwa nini. Ukila udongo, hupati chuma chake, maana tumbo haliwezi kukitoa humo, na udongo huo huo unashika hata kile kidogo kilichokuja na mboga na maharagwe, unatoka nacho. Halafu unaweza kukuachia minyoo, nayo inanyonya damu iliyobaki. Kadiri unavyokula ndivyo unavyotamani. Moraa alikuwa kwenye mapaja yangu anasikiliza, macho yamemganda kwenye mdomo wa nesi.

Tumepewa dawa ya minyoo na chupa ya dawa ya kuongeza damu. Nesi alinishika mkono mlangoni, akasema polepole ili mtoto asisikie. "Asipoacha udongo, hii dawa ni kama kumwaga maji kwenye gunia. Na ukimwona anahema akiwa amekaa tu, usingoje kupambazuke. Mlete, hata kwa miguu." Kisha akaita tukiwa tumeshatoka, "Na isinywewe na chai! Chai inakishika chuma. Mpe na chungwa."

Nilipomwambia Mama hilo la chai, alinijia juu. "Chai? Chai hii iliyokusomesha? Iliyojenga hii nyumba? Sasa leo chai ni adui?" Akaendelea hivyo, anapanga vikombe kwa kelele. Halafu akanyamaza katikati ya neno, kikombe kimoja kikiwa mkononi. Kile cha maua ya bluu. Najua alichokumbuka, kwa sababu na mimi nilikumbuka wakati ule ule. Kila asubuhi ya ujauzito wako alikuletea vile vidonge vya damu mwenyewe, kwa upendo, kitandani, na kikombe cha chai nzito ya maziwa cha kuvisindikizia. Hukukosa hata kimoja. Mama alikirudisha kikombe kabatini, akatoka, na sikumwona mpaka jua lilipozama. Amerudi na machungwa.

Mchana nilichanganya simenti kidogo iliyobaki, nikaziba mashimo yote mawili. Lako nililiziba mwisho. Niliingiza mkono kwanza. Sijui nilitafuta nini. Alama za vidole vyako bado zimo, sasa zimo ndani ya simenti.

Moraa alikuwa kwenye stuli ananiangalia. Hakulia. Alingoja nikamaliza kulainisha, akauliza kwa upole sana, "Sasa tutatoa wapi, anti?"

Nikamwambia chuma kiko kwenye dawa, kwenye maharagwe, kwenye mboga ya managu, kwenye maini siku tukichinja. Nikamkumbusha maneno ya nesi. Akaitikia yote. Kisha akauliza, "Kwani mama alidanganya?" Na mimi, Kemunto, mimi niliyejibu kila swali la mtihani, nikasema, "Nenda ukaoshe mikono."

Jioni nilitoka kufungia kuku. Unajua kaburi lako liko kushoto kwa nyumba, kama inavyotakiwa, na bado hatujalijengea. Tuta limeanza kuota nyasi. Upande ule unaotazama dirisha la Moraa, chini ya nyasi, kuna mahali pamemomonyoka. Nilidhani ni kuku. Nikainama.

Ni shimo dogo, linaingia ngumi ya mtoto. Lina mikwaruzo ya msumari. Lilikuwa bichi.

Nilirudi ndani mbio. Kwenye mraba wa chuma uzi ulikuwa umekatwa. Moraa alikuwa amelala, au alijifanya, na nilipoingiza mkono chini ya mto nikaukuta msumari, una joto, na udongo wa kaburi lako umeshika kwenye ncha yake.

Niko kwenye ukingo wa kitanda chake tangu hapo. Ameshika sketi yangu. Namsikiliza anavyohema. Mara nadhani ni haraka mno, nainuka, nachukua khanga ya kumbebea. Mara inatulia, nakaa. Mama naye hajalala, namwona kwa mwanga wa mlango wake ng'ambo ya uwanja.

Dawa ninayo, machungwa ninayo, na jedwali liko ukutani na kila kilichoandikwa humo ni kweli. Lakini mtoto huyu hamsikilizi nesi wala mimi. Anakusikiliza wewe. Wewe ndiye uliyemwambia udongo una chuma, na wewe ndiye uliyemwonyesha unavyoliwa, na sasa ameamua kwamba udongo ulio karibu nawe ndio wenye chuma zaidi. Nikikuacha uwe umesema kweli, nitamleta alale kando yako.

Kwa hiyo nisikilize, ikiwa kuna kusikia. Kesho kukipambazuka, kabla moto haujawashwa, nitamkalisha mbele ya jedwali kama ulivyokuwa ukimkalisha. Nitamwambia mama yake alikuwa mwalimu wa kemia hodari kuliko wote niliowajua, na kwamba mama yake alikosea. Nitamwambia hukuchelewa kuanza. Nitamwambia ukuta ule haukukupa kitu, ulikuchukulia, kijiko kwa kijiko, mpaka siku ulipohitaji damu haikuwepo. Nitamwambia ulijua, ukaona haya, ukajificha, na kwamba kujificha ndiko kulikokuua kabla ya udongo. Nitayasema kwa jina lako. Atanichukia. Labda atakuchukia na wewe kidogo, na hilo ndilo ninaloomba unisamehe, maana hicho ndicho pekee ulichomwachia, hayo mapenzi na hilo jedwali.

Na kama atakuchukia, achukie akiwa hai. Ulimfundisha mwenyewe habari ya zinki. Ukubali uliwe wewe, wifi, ili yeye abaki.

Nakuahidi kuhusu huyu. Nitamlisha kwa mkono wangu, chungwa baada ya dawa, na chai nitamnyima mbele ya ukoo mzima ikibidi. Nitalala mlangoni. Tuta lako nitalifunika kwa mawe kesho, mimi na Mama, tusisubiri fundi. Usidhani tunakufungia nje. Tunamfungia yeye asiingie.

Lala sasa, Kemunto. Lala kweli. Usimwite.

Msumari nimeufunga kwenye ncha ya khanga yangu. Moraa amegeuka upande, anahema taratibu, ameweka kidole gumba mdomoni. Nimekitoa, nikakiosha, nikakirudisha chini ya blanketi.

Saa nane na robo usiku. Nazima taa.